Injili moja, nyumba mbili

NYUMBA njema si mlango, walisema wahenga. Fungua uingie ndani. Leo, mpenzi msomaji, nakualika tufungue milango miwili. Mmoja ni wa mmishenari aliyetoka ng'ambo kuja kuhubiri, kufundisha au kutibu. Wa pili ni wa mwenzake mwenyeji: katekista, mwinjilisti, mwalimu au muuguzi anayefanya naye kazi ile ile. Mchana kutwa watu hawa wawili husoma kitabu kimoja na kuwatumikia watu wale wale. Jioni ikifika, kila mmoja hushika njia ya kwake. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

Tuanzie Makwasinyi. Ukitoka Voi kuelekea Mombasa utafika Maungu. Hapo unaiacha lami na kushika barabara ya vumbi inayokata ranchi na vichaka vya nyika, huku mlima Kasigau ukizidi kukua machoni mwako. Mlima huo una urefu wa mita 1,641, nao umesimama peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa zamuni. Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vilivyouzunguka, pamoja na Rukanga, Jora, Bungule na Kiteghe. Maji huteremka kwa mabomba kutoka mlimani, mvua ni ya kubahatisha, na ndovu wa Tsavo hawabishi hodi wanapoingia shambani.

Katika nchi kama hii, nyumba haijengwi kwa siku moja. Iko ile ya zamani ya miti iliyokandikwa udongo. Iko ya matofali ya kuchoma, ambayo mwenyewe huijenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, nayo mabati yatapatikana kijana atakapopata kibarua Mombasa. Mwenye bahati huongeza tangi la kukingia maji ya mvua. Kila ukuta una historia ya jasho la mtu.

Tena watu wa Kasigau wanajua uchungu wa kukosa kwao. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walipouteka mlima huu, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa waliwasaidia adui. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1930. Kwa hivyo ukimwambia mzee wa Kasigau kwamba nyumba ni udongo na mabati tu, usishangae akikutazama kwa huruma.

Mgeni wa mwaka 1847

Mmishenari wa kwanza kufika katika mlima huu alikuja mapema mno. Mnamo Oktoba 1847, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alisafiri kwa miguu kutoka Rabai hadi Kasigau. Katika maandishi ya siku zile mlima huo uliitwa Kadiaro. Ilikuwa miezi michache kabla ya safari yake ya Mei 1848 alipouona Kilimanjaro na theluji yake. Rebmann alifika Kasigau kama mgeni, bila kituo wala nyumba hapa.

Huko Rabai, yeye na mwenzake Johann Ludwig Krapf walikuwa wamehamia mwaka 1846 na kujenga nyumba yao ya udongo iliyoezekwa makuti. Haikutofautiana sana na za majirani. Baadaye zilijengwa nyumba imara zaidi, na mpaka leo mgeni wa Rabai huonyeshwa makao ya wazee hao wawili. Rebmann aliishi huko hadi mwaka 1875, miaka karibu 29, akarudi kwao Ujerumani akiwa kipofu. Hata umlaumu kwa mengine, huwezi kusema alikuja kujistarehesha.

Ni muhimu kulikumbuka hilo, msomaji, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba nyumba ya fahari ilishuka melini pamoja na Biblia. Sivyo. Tofauti kubwa ya makaazi ilikuja baadaye, misheni zilipopata ardhi, fedha na watu wa kuamuru.

Frere Town, kila mtu na ngazi yake

Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea watumwa waliookolewa kutoka majahazi baharini. Ukipita leo katika eneo la Kengeleni, jina lenyewe linakukumbusha kengele ya mji ule.

Wamishenari hawakuwa peke yao katika kazi hiyo. Walikuwapo Waafrika walioitwa "Waafrika wa Bombay", yaani watumwa walioachwa huru ambao walisomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, India. Mmoja wao alikuwa William Jones, mzaliwa wa Wayao. Jones na mwenzake Ishmael Semler walifika mwaka 1864 kumsaidia Rebmann, miaka zaidi ya kumi kabla ya Frere Town kuzaliwa. Walijua Kiingereza, walijua useremala na uhunzi, na walijua kuzungumza na watu.

Jones hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, kisha akafuatana naye katika safari ya kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo. Ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai, wakafika Februari 1886 wakiwa hoi.

Hata hivyo, mtu wa namna hiyo hakuhesabiwa sawa na kijana aliyefika jana kutoka Uingereza. Waafrika wa Bombay walizozana mara nyingi na wamishenari juu ya mishahara, heshima na madaraka. Frere Town ilikuwa na ngazi: Mzungu juu, Mwafrika aliyesoma India katikati, mtumwa aliyeokolewa chini. Makaazi nayo yalifuata ngazi hiyo.

Na hapa pana somo ambalo nitalirudia mbele. Waafrika wa Bombay walilalamika, na kwa haki, kwamba Mzungu aliwadharau. Lakini baadhi yao nao waliwatazama waliokuwa chini yao kwa jicho lile lile. Ngazi ikishasimikwa, kila mtu hutaka kupanda kidato kimoja, na ni wachache wanaofikiria kuiondoa.

Mlimani na bondeni

Turudi Taita. CMS ilifungua kituo Sagalla mwaka 1883 chini ya J. A. Wray. Mapadri wa Kikatoliki wa Roho Mtakatifu walifika Bura mwaka 1892. Baadaye CMS ikaweka vituo vingine katika milima ya Dawida, kikiwamo kile cha Wusi kilichoanzishwa mwaka 1905 na V. V. Verbi, raia wa Bulgaria.

Tazama majina hayo, kisha tazama ramani. Vingi ni vituo vya mlimani, kwenye hewa baridi na chemchemi. Huko ndiko kulikojengwa nyumba ya misheni yenye kuta nene na veranda pana. Vijiji vya mbali, hasa vya bondeni kwenye joto na mbu, kwa kawaida viliachiwa mwalimu au mwinjilisti mwenyeji. Ulikuwa ndio utaratibu wa misheni kote Afrika Mashariki: kituo kikuu cha mgeni, na vituo vidogo vya wenyeji. Mmishenari alikuja kukagua mara kwa mara, akarudi. Mwalimu akabaki na darasa lake, kanisa lake la udongo na kibanda chake cha kulala.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Tuwe waadilifu, tusimhukumu mtu bila kumsikiliza.

Sababu ya kwanza ilikuwa kifo. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo. Makaburi ya wamishenari yaliongezeka pwani nzima. Hata baada ya Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kwamba malaria huenezwa na mbu, madaktari wengi wa kikoloni walichukua ukweli huo na kuupotosha: wakashauri Mzungu akae mbali na Mwafrika. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza mitaa itengwe kwa rangi. Mbu hakuuliza rangi ya mtu, lakini ramani za miji ziliuliza.

Sababu ya pili ni mifuko miwili, na hii ingali hai hadi leo. Mmishenari wa kutoka ng'ambo kwa kawaida hugharimiwa na makanisa na marafiki wa kwao. Kabla hajapanda ndege, bajeti yake huwa imeshapangwa: kodi ya nyumba, gari, bima ya afya, karo ya watoto, hata akiba ya uzeeni. Mwenzake mwenyeji hulipwa kutokana na sadaka ya waumini. Mvua isiponyesha Kasigau, sadaka nayo hukauka. Hakuna aliyeketi akasema, "Huyu tumpe vyumba vinne na yule tumpe kimoja." Mifuko miwili tofauti ndiyo iliyoamua.

Sababu ya tatu ni dhana, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Ni ile fikra kwamba mwenyeji "amezoea". Kwamba mtu aliyezaliwa katika nyumba ya udongo hahitaji dirisha la wavu, wala choo cha ndani, wala meza ya kusomea. Lakini mtoto wa mwinjilisti huugua malaria kama mtoto wa daktari. Macho ya katekista anayeandaa mahubiri kwa kibatari huuma kama macho ya mtu mwingine yeyote.

Ubaya uko wapi hasa?

Pengine unaniuliza: je, ni dhambi mtu kuwa na nyumba nzuri? La hasha. Nyumba nyingi za misheni zilikuwa pia shule, zahanati na mahali pa kulaza wasafiri. Wapo waliofundishwa kusoma kwenye veranda zile.

Ubaya haumo katika ukubwa wa nyumba, bali katika kukatika kwa kutembeleana. Kwetu, undugu hujengwa kwa miguu. Wewe unakuja kwangu, nakupa nilicho nacho. Kesho naja kwako, unanipa ulicho nacho. Kukiwa na pengo kubwa mno, mmoja huona haya kukaribisha. Atamketisha wapi mgeni mwenye makochi sita kwake? Basi vikao vyote hufanyika kwa mwenye nyumba kubwa. Mwenyeji hufika, hubisha hodi, hukaa ukingoni mwa kiti, hunywa chai, hushukuru. Polepole mfanyakazi mwenzake hugeuka kuwa bwana mkubwa, ingawa wote wawili huitana ndugu.

Jonathan Bonk, Mkanada aliyelelewa Ethiopia na wazazi wamishenari, aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1991. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba utajiri wa mmishenari katikati ya watu maskini huugusa uhusiano wenyewe na hata ujumbe anaouleta. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la PCEA la Kenya alikuwa amesimama Milwaukee, Marekani, akawashangaza wasikilizaji kwa kutaka wamishenari waondoke kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lilipokutana Lusaka, liliunga mkono wito wa namna hiyo. Wamishenari hawakuondoka, lakini swali lilikuwa limeshaulizwa hadharani: nani mwenye nyumba hapa, na nani mgeni?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Padri Joseph Healey, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, katika miaka ya 1970 aliishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, jimbo la Rulenge nchini Tanzania, jirani kati ya majirani, akijifunza methali zao. Ni mfano wa kupongezwa. Hata hivyo, tusijidanganye. Mgeni anayechagua kuishi kwa unyonge ana tiketi ya kurudi kwao. Jirani yake hakuchagua, na hana pa kurudi.

Siku ya kukabidhi ufunguo

Na siku inayotenganisha zaidi nyumba hizi mbili ni siku ya kustaafu.

Chukua mfano wa mwinjilisti aliyetumikia miaka 30, akihamishwa kijiji hadi kijiji. Kila alipokwenda alipewa nyumba ya kanisa. Ilivuja, lakini haikuwa na kodi. Mshahara wake mdogo uliishia kwenye karo. Akifikisha umri, hushikishwa mkono, huimbiwa wimbo, hupewa pengine mbuzi na shuka. Kisha huulizwa ufunguo, maana anayekuja amefika na mizigo yake iko mlangoni.

Mmishenari naye hustaafu. Hukabidhi nyumba kubwa zaidi, lakini huko kwao mara nyingi anangojwa na pensheni au akiba aliyowekewa. Wote wawili waliishi katika nyumba zisizokuwa zao. Mmoja alitengewa uzee wake, mwingine aliachiwa Mungu. Kama kuna jambo la kutufanya tukose usingizi, si idadi ya vyumba walivyolala walipokuwa kazini. Ni mahali watakapolala nguvu zikiwaishia.

Kwa hivyo kanisa au shirika lolote linaloajiri wageni na wenyeji linaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji muujiza. Liwe na kipimo kimoja cha nyumba ya kazi: paa lisilovuja, maji, choo cha heshima, wavu wa mbu. Wenyeji wawepo kwenye meza inapopangwa bajeti ya makaazi. Na kila mwezi litengwe fungu la kumsaidia mtumishi mwenyeji kujenga kwake, tofali baada ya tofali, kabla hajazeeka.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa au fedha za kutosha kulipia kodi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inataja makao ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Haikusema "isipokuwa aliyezoea".

Kibanzi na boriti

Sasa, mpenzi msomaji wa mjini, kabla hujakunja gazeti hili na kuwasema Wazungu, hebu tupite nyuma ya nyumba zetu wenyewe.

Nyuma ya nyumba nyingi za Nairobi na Mombasa kuna kile chumba tunachokiita "SQ". Mkoloni alikijenga kwa ajili ya mtumishi wake. Mkoloni aliondoka mwaka 1963, chumba kikabaki. Nani analala humo leo? Yule dada anayewaogesha watoto wako na kuwafundisha kusali. Je, dirisha lake lina wavu? Taa inawaka? Umewahi kuingia humo tangu alipofika? Na siku atakaporudi kwao, atarudi kwenye paa la nani? Ile ngazi ya Frere Town haikuzama baharini.

Nawe mwanafunzi unayesomea ualimu, uuguzi au theolojia, siku yako inakuja. Utatumwa Makwasinyi au mahali kama Makwasinyi. Makanisa ya Kenya sasa yanatuma wamishenari wao kaskazini mwa nchi na hata Sudan Kusini. Huko wewe ndiwe utakayeitwa mgeni, mwenye sola na godoro nene. Mwenzako mwenyeji atakuwa anakutazama, na pengine atasema kama tulivyosema sisi.

Lakini vijiji vya Kasigau vina la kutufunza. Ulipoanza utalii wa kupanda mlima, wanavijiji walijenga banda zao za kulaza wageni, zikasimamiwa na jamii yenyewe. Mtalii au mwanafunzi kutoka Ulaya hulala katika nyumba ya mwenyeji, hulipa kwa mwenyeji, na humwachia mwenyeji ufunguo anapoondoka. Ni jambo dogo, lakini limeugeuza mlango. Mwenyeji ndiye anayekaribisha, na mgeni ndiye anayebisha hodi.

Basi kesho ukimwona mfanyakazi mwenzako, wa kutoka ng'ambo au wa kutoka kijijini, usimwulize tu kazi inaendeleaje. Mwulize anakaa wapi. Kisha, akikukaribisha, nenda. Keti kwenye kigoda chake, kunywa uji wake, tazama juu uone kama paa linavuja. Ukishaliona tundu la paa la mwenzako, ni vigumu kulala usingizi mnono mvua ikinyesha.